Hujala, Usichome

Kliniki ya sukari niliyofanyia kazi miaka yangu mingi iko Busia, upande wa Uganda, na siku yake ni Jumatano. Nimestaafu mwaka huu. Nyinyi wauguzi vijana mliobaki pale mmeniomba niwaandikie habari za kazi, na nahisi mnatarajia nieleze nilivyopanda kutoka ngazi hii hadi ile. Sitaeleza. Vyeo vyangu viko kwenye faili, na faili liko kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulipotea kabla wengi wenu hamjaajiriwa. Nitaandika juu ya watu na vyombo vilivyonifunza kazi, na zaidi juu ya maneno mawili niliyoyaandika ukutani kwa mkono wangu mwenyewe, yakakaribia kumwua mtu.

Nilianza Tororo, katika zahanati yenye vyumba vinne na choo kimoja. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeupe vipya, nikaambiwa niende maabara nikamsaidie Mzee Okoth. Maabara yenyewe ilikuwa meza, dirisha na taa ya spiriti. Mzee Okoth alikuwa akipika mkojo. Sisemi kwa utani. Zamani hizo hatukuwa na mashine, ulitia maji ya buluu kwenye kijichupa cha kioo, ukadondosha mkojo wa mgonjwa matone manane, ukachemsha. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, kidogo. Ikifika nyekundu ya tofali, mgonjwa aitwe haraka. Kabla ya saa nne asubuhi viatu vyangu vilikuwa na madoa ya buluu ambayo hayakutoka mpaka nikavitupa.

Mzee Okoth alikuwa Mjapadhola kama mimi, lakini kazini alipenda kusema Kiswahili, alichokizoea alipofanya kazi relini. Aliniuliza swali moja siku hiyo, nami nikalijibu vibaya.

"Wewe binti, mtu kama amelala njaa, asubuhi kwa damu yake sukari iko ama hakuna?"

"Hakuna, mzee. Itoke wapi na hajala?"

Akacheka hadi akazima taa yake kwa pumzi. "Basi sisi wote tungekuwa tunaamka maiti."

Akanieleza, na mpaka leo sijapata daktari aliyeeleza vizuri kumshinda. Ini ni ghala, alisema. Ukila, kongosho linatoa insulini, nayo insulini inafanya kazi mbili: inaingiza sukari ndani ya mwili ifanye kazi, na inafunga mlango wa ghala ili akiba ibaki ndani. Usipokula, insulini inapungua, homoni nyingine iitwayo glukagoni inapanda, na mlango wa ghala unafunguliwa kidogo kidogo, sukari inatoka kwa kipimo. Akiba ikielekea kwisha, ini halikati tamaa, linaanza kutengeneza sukari mpya kutokana na nyama ya mwili wenyewe. Mafuta nayo yanayeyushwa yawe chakula cha dharura kinachoitwa ketoni. Alfajiri, kabla hujafumbua macho, homoni ya kortisoli na wenzake wanakuongezea sukari ili uweze kuamka. Kwa hiyo mtu mwenye njaa ana sukari, na inatoka ndani yake mwenyewe.

"Na kama insulini hakuna kabisa?" nikauliza.

"Mlango unabaki wazi. Ghala linamwaga tu. Mtu hajala siku mbili na sukari yake inapanda kama amekunywa soda kreti nzima."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Nilifaulu mtihani kwa maneno hayo. Kisha, kama mtakavyoona, nikayasahau siku nilipoyahitaji.

Nilipohamia Busia tulikuwa tumepata mashine ndogo ya kupimia damu, nikaipenda mno. Unachoma kidole, unagusisha damu kwenye kijiti, unasubiri, namba inatokea. Tulikuwa na vyombo vyetu vingine pia, ambavyo havitoki kiwandani. Wagonjwa wa vijijini wasio na friji tuliwafundisha kuweka insulini katika chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Kikikaa kivulini kinapoza vizuri kuliko friji yetu ya kituo, maana chungu hakitegemei umeme.

Tulikuwa pia na utaratibu wetu wa kupima. Mimi nilikaa mwisho mmoja wa benchi na mashine, karani alikaa mwisho wa pili na kitabu. Nikipata namba naiita kwa sauti, yeye anaandika. Tuliona tunakwenda kasi. Benchi zima lilijua sukari ya kila mtu, na watu walichekana, walisifiana, wengine walikuwa wakishindana. Kuna mzee aliyekuwa akiwaambia watu "mimi ni mtu wa sita nukta tano" kama anataja ukoo wake. Hakuna aliyetuambia kwamba ni vibaya, nasi hatukujiuliza.

Sasa niwaeleze maneno ya ukutani yalitoka wapi. Mzee Ekirapa alikuwa mkulima wa Buteba, Mteso, mtu mrefu mwenye heshima. Alikuwa anatumia vidonge. Tuliwaambia wagonjwa wote waje siku ya kliniki bila kula ili tupime sukari ya asubuhi. Yeye akatii. Ila alikuwa pia mtu wa kutii saa ya dawa, kwa hiyo alimeza kidonge chake alfajiri, akatembea na njaa kutoka Buteba, akafika kwetu akiwa amelowa jasho, mikono inatetemeka, anazungumza maneno yasiyoeleweka. Alianguka kabla sijamfikia. Mashine ilisoma mbili nukta moja, ilhali haitakiwi kushuka chini ya nne. Vile vidonge vyake vilikuwa vya aina inayolikamua kongosho litoe insulini, iwe umekula au hujala, na yeye hakuwa amekula. Jasho na kutetemeka ni adrenalini, mwili unapiga kelele kwamba sukari inaisha. Tulimpa dripu ya sukari, akafumbua macho, akauliza kama amekosa nafasi yake kwenye foleni.

Jioni hiyo nilichukua rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka milango, nikaandika ukutani, juu ya benchi, herufi kubwa: HUJALA, USIMEZE. HUJALA, USICHOME. Kidonge na sindano, vyote pamoja, kanuni moja. Niliwaimbisha wagonjwa kila Jumatano kama watoto wa shule. Baada ya hapo hakuna aliyeanguka kwenye benchi letu, na mimi nikatembea kifua mbele. Wageni walipokuja kukagua kituo niliwasimamisha mbele ya ukuta wangu.

Hapo ndipo anapoingia Mama Ajambo.

Alikuwa mkulima wa Masaba, Msamia, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kwa miaka kadhaa sukari yake ilitulizwa na vidonge, kisha kongosho lake likachoka kabisa, na miezi michache kabla ya hayo ninayoyasimulia daktari akamhamishia kwenye insulini. Alikuwa mgonjwa wangu bora. Chungu chake cha mchanga kilikuwa kizuri hata nikawa nawatuma wengine wakakione. Nyumbani alikuwa na daftari la namba zake, limefunikwa kwa gazeti.

Kwenye kanisa lake alikuwa kiongozi wa akina mama wa maombi. Kanisa hilo, dogo, la mabati, lina desturi yake. Kila msimu kabla ya kupanda, waumini wanafunga siku tatu. Wao wanaita kufunga kavu, hakuna chakula wala maji. Siku ya nne kila nyumba inaleta mbegu, mahindi, maharagwe, mtama, zinachanganywa katika kapu moja kubwa, na mama mmoja aliyefunga bila dosari analibeba kichwani akizunguka kanisa mara tatu, ndipo mbegu zinagawanywa. Mama Ajambo alikuwa amelibeba kapu hilo misimu mingi. Ukimuuliza ana nini duniani, atakutajia watoto, halafu kapu, halafu mume.

Waislamu wetu wa mjini walikuwa na busara ya kuja mapema. Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani walifika kuuliza nani anaweza kufunga, nani asifunge, dawa ya asubuhi ihamie saa ngapi. Tulikuwa na karatasi maalumu kwa ajili yao. Wakristo hatukuwauliza chochote. Mimi mwenyewe ni Mkristo, nimefunga mara nyingi, na kamwe sikuwahi kumuuliza mgonjwa mmoja, "Kanisa lenu linafunga lini?"

Basi ikafika Jumatano, siku ya pili ya mfungo wao, na Mama Ajambo akaja kliniki. Midomo ilikuwa imekauka. Nikachoma kidole, nikaangalia, nikaita kwa sauti niliyoizoea:

"Ishirini na moja nukta nne!"

Benchi likageuka lote. Mgonjwa wangu bora. Niliudhika kama mwalimu aliyeaibishwa na mwanafunzi wake mbele ya mkaguzi.

"Mama Ajambo, umekula nini?"

"Sista, mimi sijakula. Tangu jana hata maji sijagusa."

"Umekula."

"Haki ya Mungu, sista."

"Mashine haina sababu ya kukusingizia. Ishirini na moja haitoki hewani. Umekula, tena umekula vizuri."

Kwenye benchi alikuwepo Mama Rose, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka upande wa Kenya. Yeye huvuka mpaka kila siku, naye husali kanisa lile la Masaba kwa sababu ndiko wanakosali wanaomuuzia maharagwe. Akasema, si kwa sauti kubwa lakini ya kutosha:

"Na si sisi wote tumefunga? Kumbe wengine wanapitia chapati njiani."

Watu wakacheka. Nilimwandikia Mama Ajambo tarehe nyingine, nikamwambia aache ulafi, nikaita anayefuata. Sikupima mkojo wake. Sikumuuliza kama amechoma sindano. Vyote viwili vingechukua dakika tano, na vijiti vya mkojo vilikuwa kwenye droo iliyogusa goti langu.

Habari zilifika Masaba kabla yake. Siku ya mbegu kapu lilibebwa na mama mwingine. Mchungaji wao, Pasta Wandera, hakumkaripia, alimwambia tu kwa upole kwamba apumzike msimu huu, na nadhani upole huo ulimuumiza kuliko matusi. Mume wake alimuuliza kama ni kweli. Watoto walisikia shuleni. Yeye alirudi kwenye chakula chake na sindano yake, sukari ikashuka, mwili ukatulia. Lakini Jumapili alisimama kanisani akasema atafunga upya, siku tatu, ndani ya kanisa lenyewe, na akina mama wawili wakae naye zamu kwa zamu wasimwache hata akienda chooni. Wakakubali. Alianza asubuhi ya Jumatatu, na chungu chake cha insulini kikabaki nyumbani.

Jumatano, saa sita mchana, pikipiki ilisimama mlangoni. Pasta Wandera alikuwa ameketi nyuma kabisa, amemshikilia Mama Ajambo aliyekaa katikati, kichwa kimelala mgongoni mwa dereva. Pasta alinivuta pembeni, amevurugikiwa kabisa.

"Sista, mimi nashindwa kuelewa. Wale mama wawili wanaapa hakula. Lakini huyu mtu amelewa. Anatapika, maneno yake inazunguka, na unaweza kunusa mwenyewe. Ni waragi hiyo."

Nilinusa. Harufu ilikuwa tamu, ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na kwa mtu asiyeijua ni kweli inafanana na pombe. Alikuwa akivuta pumzi ndefu, nzito, za haraka, kama mtu aliyepanda kilima na mzigo, ilhali amelala. Nilijua kabla sijagusa chombo chochote. Hizo ni ketoni, kile chakula cha dharura, zimezidi mpaka zimekuwa sumu. Mashine haikutoa namba, ilionyesha tu kwamba sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Kijiti cha mkojo kiligeuka zambarau iliyokolea.

Na hapo, nimeinama juu ya mkono wake natafuta mshipa, nikamsikia Mzee Okoth kama amesimama nyuma yangu na taa yake ya spiriti. Mlango unabaki wazi. Ghala linamwaga tu. Hajala siku mbili na sukari inapanda.

Alikuwa hajala. Wiki iliyopita pia alikuwa hajala. Alisema ukweli mbele ya benchi zima, nami nikamwita mwongo kwa sababu mashine ilinipa namba na mimi sikutaka kufikiri.

Tuliweka dripu ya maji ya chumvi, tukampigia daktari, akatupa maelekezo ya insulini, tukaita ambulensi imchukue hospitali kubwa. Wakati tunambeba kwenye machela alinishika kidole. Sauti yake ile kubwa ilikuwa imebaki mnong'ono.

"Sista. Andika kwa kitabu yako. Sikula."

"Utapona, Mama Ajambo."

"Hata kama nakufa. Andika. Sikula."

Niliandika mbele yake, katika kitabu cha kliniki, kwenye safu ya maelezo: Mgonjwa hakula. Ni maelezo ya kweli kuliko yote niliyowahi kuandika mle.

Alikaa hospitali siku tano, na siku ya tatu nilikwenda kumwona. Nilibeba matunda, kisha nikakumbuka nampelekea nani, nikayaacha kwa walinzi. Nilimuuliza swali nililopaswa kumuuliza mwanzoni. Kwa nini hakuchoma sindano? Nilitegemea aniambie kanisa lilimkataza, na nilikuwa tayari kumkasirikia pasta. Alinitazama kama mtu anayedhani anatahiniwa.

"Lakini sista, si ni nyinyi? Kwa ukuta imeandikwa. Hujala, usichome. Mimi nafuata maneno yenu. Kwa Mungu nimefuata, na kwa nyinyi pia nimefuata."

Nimepata aibu nyingi katika maisha, lakini ile ilikaa kifuani siku nyingi. Mtu huyu alikuwa ametii kila mtu. Kanisa lilisema funga, akafunga. Sisi tulisema usichome, hakuchoma. Kanuni yangu ilikuwa imetungwa kwa ajili ya Mzee Ekirapa na vidonge vyake, nami nikaiambatisha sindano kwa sababu sentensi zilipendeza zaidi zikiwa mbili. Kwa mtu ambaye kongosho lake limezimika, insulini haihudumii chakula peke yake. Inalinda pia mlango wa ghala, saa zote, hata akiwa amelala, hata akiwa hajala. Dozi hupunguzwa na daktari mtu asipokula, hilo ni kweli. Kuiacha kabisa ni kuwaacha ini na glukagoni wafanye wanavyotaka.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Masaba. Nilimwomba Pasta Wandera dakika kumi kabla ya mahubiri. Yeye na wazee wa kanisa walikuwa hawajatia kitu kinywani tangu jana yake, ndivyo wanavyofanya kabla ya ibada. Mimi pia nilikuwa sijala tangu jana mchana, kwa makusudi. Nikaweka mashine juu ya meza, nikasema:

"Mimi ndiye sista niliyesema Mama Ajambo amekula. Leo mimi sijala tangu jana. Pasta hajala. Nani anasema sisi tuna sukari kwenye damu?"

Mama Rose, ambaye hawezi kukaa kimya palipo na swali, akajibu. "Hakuna, sista. Itatoka wapi na hamjakula?"

Lilikuwa jibu langu la Tororo, karibu neno kwa neno. Nikachoma kidole changu mbele yao. Tano nukta moja. Pasta akatoa kidole chake akifumba macho, mtu mzima na mwili wake. Nne nukta nane.

"Sasa pasta amepitia chapati wapi?" nikauliza.

Kanisa likaangua kicheko, na pasta mwenyewe akacheka kuliko wote. Nikaeleza ghala, nikaeleza mlango, nikaeleza kwamba sisi wawili mlinzi wetu, insulini, yu hai ndiyo maana tumeishia tano, na Mama Ajambo mlinzi wake yuko kwenye chupa, na chupa ilikuwa nyumbani kwa sababu mimi nilimwambia aiache. Nikaeleza ile harufu. Nikasema wazi kwamba mama huyu alifunga siku zote alizosema amefunga, na kwamba aliyekosea ni mimi, tena nilikosea mbele za watu, ndiyo maana nimekuja kusahihisha mbele za watu.

Mama Rose alilia. Sikutegemea. Baadaye alinifuata nje akisema, "Sista, mdomo wangu pia uandike kwa hiyo kitabu yako."

Jumatatu nilikwangua ukuta kwa kisu cha jikoni. Rangi ya buluu ni ngumu, mkitazama vizuri mtaona bado kuna mkia wa herufi. Sikuandika kanuni nyingine mahali pake, na nawaomba msiandike. Ukuta haujui anayeusoma anameza nini au anachoma nini. Kuanzia siku hiyo namba haikuitwa tena. Niliiandika kwenye kikaratasi, nikakikunja, mgonjwa akampelekea karani mwenyewe. Mnaofikiri tulianza utaratibu huo kwa sababu ya maelekezo kutoka juu, sasa mnajua. Na sukari ikiwa juu, swali langu la kwanza likawa "Umechoma lini mara ya mwisho?" na kile kijiti cha mkojo kikatoka kwenye droo. Swali la chakula likaja mwishoni, kwa sauti ya chini.

Kila mwanzo wa msimu nilizunguka makanisa kuuliza siku zao za kufunga, Masafu, Buteba, na hata ng'ambo ya mpaka, maana wagonjwa wetu husali pande zote mbili. Wa vidonge vile vinavyokamua kongosho walimwona daktari kabla, wengine wakabadilishiwa saa, wengine dozi. Wote walijua kwamba sukari ikishuka chini ya nne mfungo umekwisha, hakuna mjadala na mbinguni kuhusu hilo. Walio kama Mama Ajambo niliwaambia bila kumung'unya maneno kwamba kufunga kavu si kwao. Wengine walikasirika. Niliwaacha wakasirike, mradi wawe hai.

Mama Ajambo hakukasirika. Aliuliza tu, "Na kapu?"

Hilo sikuwa na dawa yake. Kapu lilikuwa la aliyefunga, na yeye hangeweza tena kufunga. Nilimrudishia jina lake, lakini kapu halikuwa langu. Msimu baada ya msimu alipika chakula cha kufungulia wenzake, akasimama kando mbegu zikipita kichwani mwa mwingine. Mimi nilipima sukari yake, ikawa nzuri, na kila mara niliona kwamba namba nzuri peke yake haimtoshi mtu.

Msimu huu, wiki chache baada ya nyinyi kuniaga kwa saa ya ukutani na hotuba ndefu, Pasta Wandera alinipigia simu niende Masaba siku ya mbegu. Hakunieleza kwa nini. Nilimkuta Mama Rose mlangoni, sasa ndiye mhazini wa akina mama.

"Sisi tumekaa tukaongea, sista," aliniambia. "Kufunga ni kujinyima kitu kwa sababu ya Mungu, ama? Huyu mama hupenda kufunga kuliko sisi wote. Sasa yeye amejinyima kufunga. Mimi nikawauliza, ni nani hapa amejinyima kitu kikubwa kama hicho?"

Kapu lilikuwa mbele, limejaa. Waumini walikuwa wamemaliza siku yao ya tatu, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Mama Ajambo akaitwa. Alitoka na kikombe cha uji wa wimbi na chupa yake ndogo ya insulini, imetoka kwenye chungu, bado ina unyevu wa mchanga. Mbele ya kanisa zima la watu wenye njaa alivuta dozi yake, akainua kidogo pindo la blauzi, akachoma tumboni. Kisha akaketi kwenye kiti, akanywa uji. Alikunywa polepole, mpaka mwisho, akageuza kikombe kuonyesha kimekwisha. Nilisikia tumbo la mtu nyuma yangu likinguruma, na hakuna aliyecheka.

Akajitwika kapu. Akazunguka mara tatu, shingo wima, na sauti ile kubwa ikaanzisha wimbo. Nilitembea nyuma pamoja na akina mama wengine, nikilia waziwazi bila kujificha, kwa kuwa nimestaafu na hakuna wa kuniandikia barua ya onyo. Siku hiyo hakuna mtu aliyemuuliza kama amekula. Wote walikuwa wamemwona.